Tulivyoacha kitabu cha sheria mezani tukaenda kupima mwendo wa jeshi kwenye ngoro

Wakuu, heshima mbele. Haya yamenikuta mwenyewe. Anayebisha aje Mbinga mjini aulize duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ataletwa mpaka mlangoni kwangu.

Elimu yangu ni darasa la saba. Lakini Fuso ninayo, kahawa ninayo, na gemu hii nimeielewa ndani ya Jumapili mbili.

Gemu yenyewe aliileta Mwalimu Kato, mwalimu wa historia kutoka Bukoba. Ni vita vya zamani mezani. Askari wa plastiki, kimo cha kidole. Milima ya godoro lililokatwa. Unasogeza kikosi kwa kupima inchi (futikamba natoa mimi, dukani zimejaa). Yeye ndiye refa.

Tunacheza baada ya misa, chumba cha nyuma ya duka. Mimi Wamatengo, babu zangu. Mpinzani wangu ni Gama, bwana afya, Mngoni wa Peramiho, kwa hiyo mtani wangu. Anacheza Wangoni wanaopanda mlimani kutuvamia.

Alishanifunga mara mbili. Tukawekeana sharti kwamba akinifunga ya tatu, namwachia Wamatengo na mimi nachukua Wangoni.

Wakuu, mimi niwe Mngoni? Siku ya gemu hiyo ya tatu sikunywa hata chai.

Basi ikafika zamu ya mwisho. Watu wangu kumi na wawili wako inchi saba kutoka pangoni, maficho yao. Wakiingia wote, nimeshinda. Mwendo wao ni inchi nane.

Gama akaweka kidole mezani. Katikati hapo pana shamba, na sheria inasema shambani kikosi kinatembea nusu mwendo. Inchi nne.

Nikamwambia hilo si shamba, hiyo ni ngoro.

Kwa wasiojua, ngoro ni kilimo chetu cha mteremkoni. Mashimo mengi yamepangana kama sega la nyuki, na kati ya shimo na shimo kuna tuta. Mmatengo kazaliwa humo, apunguze mwendo kwa nini?

Mwalimu akafungua kitabu. Kitabu kimeandikwa na watu wa mashamba ya tambarare, ngoro hawajawahi kuiona. Tulibishana mpaka wateja wakaanza kuchungulia.

Mwisho Mwalimu akauliza, "Mzee, shamba lako la ngoro liko wapi?"

Tukapanda pikapu yangu, njia ya Litembo.

Kwanza Mwalimu alinipima muda kwa simu, hatua thelathini kwenye njia ya kawaida. Halafu akasema haya, sasa ngoroni.

Nikanyoosha moja kwa moja, kifua mbele. Hatua ya tano nikateleza, ya sita niko shimoni, maji mpaka kwenye soksi. Viatu vya misa.

Gama akasema taratibu, "Mtani, hicho kikosi kimekufa na mkuki haujarushwa."

Hapa niwe mkweli. Kwenye ngoro sisi wanaume tunafyeka na kulaza nyasi. Wanaofukia udongo na kupanda ni wanawake. Kwa hiyo juu ya yale matuta, ngoro ikishakamilika, ni lini mimi nilitembea? Sikuwahi kujiuliza.

Mke wangu, Mama Kalista, alikuwa kule juu akichuma majani ya maharage. Mwalimu akamwamkia, akamweleza shida yetu. Akatutazama wote watatu.

"Mnakata katikati kama ng'ombe. Watu wanafuata tuta, mmoja nyuma ya mwenzake."

Akateremka na ndoo kichwani. Mwalimu akapima. Mwendo uleule wa njiani, wakuu, haukupungua hata kidogo. Lakini tulipojaribu kupita wanne sambamba, haikuwezekana. Tuta linabeba mtu mmoja.

Mwalimu akaandika palepale: ngoroni, wenyeji wanatembea mwendo kamili, ila kwa mstari mmoja.

Nikashangilia njia nzima. Sheria imekuwa yangu.

Tukafika mezani, nikawapanga watu wangu kwa mstari. Wa mbele akaingia pangoni, wa pili, wa tatu. Kumi na wawili kwenye foleni ni mkia mrefu, wakuu. Watano wakabaki ngoroni, na Gama akawafagia.

Nimeshinda ubishi, nimefungwa gemu.

Gama alinyoosha mkono kuchukua Wamatengo, kisha akausimamisha. Akasema yeye hawataki, hajui wanavyotembea. "Wapewe shemeji."

Sasa Jumapili Mama Kalista anacheza Wamatengo, mimi Wangoni. Ameshanifunga mara mbili, na Gama amegeuka mshauri wake.

Nilichojifunza: kujua shamba ni lako si kujua linavyopitika. Muulize anayepita humo na mzigo.

Sasa tunataka kuongeza meza ya ziwani. Ninyi wa Mbamba Bay na Liuli, mtu akikimbia kwenye mchanga mkavu anapoteza mwendo kiasi gani? Na ule wa majimaji je? Nataka jibu la aliyekimbia, siyo la aliyekaa kivulini.