Chuma cha Tela Letu

Mpaka leo sina hakika kama nastahili kuitwa fundi. Wakati ule, pale Igamba, nilikuwa na miezi mitano tu ya kujifunza kuchomelea kwa gesi kwenye gereji ya shamba la mzungu, na tayari nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba mavuno yale hatabeba kahawa kichwani. Misimu mitatu alikuwa ameipeleka ghalani kwa miguu, na shingo ilianza kumkataa. Ekseli na magurudumu ya lori bovu nilishapata. Ilibaki fremu ya tela.

Kwenye lundo la vyuma chakavu nikachagua vyuma virefu vya vitanda vya zamani. Ukivigonga vinalia, na msumeno unaviuma kwa shida. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye maksai, akasifu: "Hicho ndicho chuma, shemeji!"

Nikachomelea kona ya kwanza. Mshono ulitoka mzuri, nikajisifu moyoni. Tulipoinyanyua ikatuponyoka, ikakatika kando tu ya mshono, kama muhogo mkavu.

Shemeji akageukia nyumbani, akapaza sauti: "Wanawake, andaeni ngata zenu za kubebea kichwani!"

Nikainama kuokota vipande.

Mjomba wangu, aliyefua majembe enzi za ujana wake, hakucheka. Aliomba vipande viwili: kimoja cha kitanda, kingine cha chasisi, fremu ya chini ya lile lori bovu, ambayo mimi niliikataa kwa sababu msumeno uliingia kirahisi. Akaviweka motoni mpaka vikawa vyekundu, akavitumbukiza majini, akavipiga nyundo. Cha kitanda kikavunjika. Cha lori kikapinda tu.

"Lakini mjomba, hiki ni laini."

"Unatengeneza tela au wembe?" akasema. "Hicho kigumu kikishapita motoni kinakuwa kama chupa. Utapita nacho kwenye mawe?"

Nikaanza upya kwa chuma cha lori. Watu hunipa mimi sifa zote, si haki. Kujua chuma kulikuwa kwa mjomba. Hata upau wa katikati, unaoshikanisha pande mbili za fremu, ni shemeji aliyeung'ang'ania, nami nilibisha. Kwa chuma laini bila ule upau fremu ingelegea.

Siku ya kwenda ghalani mke wangu alitoka na ngata mkononi. Sikumlaumu, hata mimi sikuwa nimelala vizuri. Tulipofika kivukoni, mtoni, gurudumu moja likapanda jiwe, tela likainama na magunia yote, fremu ikalia. Nikafumba macho. Nilipofumbua, maksai walikuwa ng'ambo, na tela nyuma yao, limenyooka.

Ghalani nilikagua mishono kwa kidole, mmoja mmoja. Hakuna uliopasuka! Mke wangu, shingo imenyooka, akamwendea kaka yake, akamvika ile ngata kichwani.

"Vaa wewe, kaka. Mimi sina kazi nayo tena."

Shemeji alirudi nayo hivyo hivyo hadi nyumbani, akiswaga maksai na kuimba.