Uzi wa Nne wa Shefu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupiga wimbo hata mmoja. Nilipiga nota moja mchana kutwa, mpaka ncha za vidole zikatoka malengelenge.

Nilikuwa nimetoka kwetu Munkunyu kwenda Kasese mjini kuomba kazi ya kubeba vyombo katika klabu moja iliyokuwa na bendi. Kazi ya kubeba ilikuwa imeshapata mtu. Lakini mpiga besi wao alikuwa ameoa mbali na hakurudi, na kiongozi wa bendi alipoitazama mikono yangu ya jembe akaona inafaa. Huyo tulimwita Kapiteni. Hakuwa mtu wa milima yetu. Alizaliwa kaskazini, akapuliza tarumbeta miaka mingi katika bendi ya jeshi, lakini kwetu alipiga gita la pili. Alikuwa ameliacha jeshi, ila jeshi lilikuwa halijamwacha.

"Wewe, kuja hapa," aliniambia. "Kamata hii. Inaitwa besi. Iko na nyuzi ine tu, hata mbuzi inaweza."

Akatoa mfukoni kijichuma chenye miguu miwili, akakigonga gotini, akakisogeza sikioni mwangu. Kililia nota moja nyembamba, safi, ya muda mrefu. "Hii ndiyo serikali," akasema. "Kila mutu anafuata hii. Hapana bishana na serikali." Tangu siku hiyo jina langu likawa Besi. Wazee wenzangu wa Munkunyu wananiita hivyo mpaka leo.

Ninyi vijana mnaojifunza gita kwenye simu, acheni niwaeleze kazi ilivyokuwa. Mpiga besi hasifiwi. Kazi yake ni kushika sakafu ya wimbo ili wengine wapate pa kukanyagia, na watu humkumbuka siku asipokuja. Nyimbo tulizitoa kwenye kaseti. Tulisikiliza kipande kidogo, tukarudisha utepe nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri, tukasikiliza tena, na Kapiteni hakuruhusu mtu aongeze wala apunguze kitu. Kama kwenye kaseti mpiga gita alikosea, nasi tulikosea mahali palepale.

Muziki wenyewe ulikuwa roki. Ngoma zilipigwa kwa nguvu, mwimbaji aliimba kama mtu aliyenyang'anywa shamba, na gita la mbele lilikwaruza. Mkwaruzo huo ulitoka kwenye kikanyagio, kisanduku cha chuma unachokikanyaga kwa mguu ili sauti ya gita ichafuke kwa makusudi. Chetu kilitengenezwa na fundi wa redio pale mjini, na mvua ikinyesha kilitupiga shoti. Watu walikuja kutoka kila upande kututazama. Langoni Meneja wa klabu alisimamisha ubao mkubwa wenye maandishi mekundu: ROKI TUPU. Spika, vikuza sauti na ngoma zote zilikuwa mali ya klabu. Sisi tulikuwa na magita yetu tu, na mimi hata lile halikuwa langu mpaka Kapiteni aliponiuzia.

Niliipenda kazi ile. Nasema wazi kwa sababu watu wa siku hizi wakihojiwa hujifanya walipata shida tu.

Baadaye mpiga gita wetu wa mbele alihamia Kampala, na Kapiteni akaniambia nitafute mtu. Nilimpata Bwera, sokoni pale mpakani, nyuma ya madumu ya mawese. Alikuwa amekimbia vita na mkewe na watoto wanne, kutoka upande wa Butembo, Kongo. Mkewe aliuza mawese, naye alipiga gita kwenye misa ya Jumapili, na wanakwaya walimwita Shefu. Mimi na yeye tungeweza kuongea Kikonzo, maana chake na changu ni ndugu, lakini katika bendi tulitumia Kiswahili kwa sababu ya Kapiteni.

Shefu alizijua nyimbo zetu zote kwa wiki mbili. Shida ilikuwa gita lake. Uzi wa nne, ule mnene wa katikati, alikuwa ameutoa akaweka mwembamba unaolia juu kabisa. Kwao wapiga rumba wengi hufanya hivyo, na wana jina lake, mi-kompoze. Gita linapata sauti ya kumeremeta, mbio mbio, na mkono mmoja unasikika kama mikono miwili. Kapiteni alipouona uzi ule aliuliza nani ameharibu gita la watu. Shefu akamjibu kwa upole kwamba halikuharibika. Kapiteni akagonga kijichuma chake, akamtazama Shefu akifuata nota ile, akakosa pa kumshika. Akamwacha.

Basi tukaanza kupiga roki ileile, mkwaruzo uleule, lakini ndani yake kuna kitu kinameremeta. Hatukukaa kikao kuamua kubadilika. Mpiga ngoma alianza kuacha nafasi ili ule uzi usikike. Nami, mpiga ngoma alipoacha nafasi, vidole vyangu vikaingia pale. Baada ya miezi michache wimbo ulikuwa na jina lake la zamani na mwili mpya. Watu ambao zamani walirusha vichwa sasa walicheza kwa kiuno. Mimi nilifurahi. Meneja hakufurahi.

Alituita ofisini, mimi na Kapiteni, akaonyesha dirishani kule langoni. "Nje pale imeandikwa nini?" aliuliza. "Mtu analipa kuingia kwa roki, anakuta rumba. Huyo Mukongomani anaharibu jina yangu. Mwisho wa mwezi aende, ama mwende nyote. Vyombo ni ya klabu, mnajua."

Kapiteni hakubishana. Alikuwa mtu wa amri, na anayetoa amri huzijua pia za kutii. Tulipotoka nje nilimkumbusha kwamba Shefu ni mkimbizi, kwamba bila klabu nyumba yake inabaki na yale madumu ya mawese peke yake. Akaniambia anajua kuhesabu watoto. Jumamosi, kabla ya kazi, akamwita Shefu mbele yetu sote, akamweleza maneno ya Meneja bila kupunguza hata moja.

Shefu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi juu ya spika, akaanza kuulegeza uzi wake. "Hakuna shida, afande," alisema. "Nitarudisha ule munene. Bibi na batoto beko kule Bwera, banakula mu hii gitare. Nitapiga vile banataka."

Na akapiga. Sijawahi kusikia mtu akipiga sahihi hivyo. Kila kitu kilikuwa kama kwenye kaseti, hata makosa. Wateja walirusha vichwa, Meneja alisimama karibu na ngoma akitabasamu, akatuletea soda yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nashika sakafu yangu kama kawaida, lakini roho iliniuma, maana nilimwona Shefu anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa imepona. Mtu yeyote mwenye akili angesema jambo limekwisha.

Tulipomaliza, Kapiteni hakukunja waya zake. Alikuwa amesimama tu. "Besi," akaniita, "leo kosa ilikuwa wapi?"

Nikamwambia sikusikia kosa.

"Hata mimi," akasema. "Nimesikia nyimbo yote. Nyinyi sikusikia." Akamgeukia Shefu. "Ile uzi yako umetupa?"

Shefu akautoa mfukoni mwa shati, umeviringwa vizuri. Kapiteni akaitikia kwa kichwa, akaenda ofisini kumuaga Meneja. Aliporudi alitupa amri moja tu, kila mtu achukue kilicho chake. Tulitoka langoni na magita matatu na fimbo za mpiga ngoma, tukiupita ule ubao mwekundu. Wakati huo sikumwelewa. Nilikuwa na mke mwenye mimba, na nilimwona mzee yule amelewa ujeuri.

Kituo cha pili cha kazi yangu kilikuwa Bwera, na mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Bila vikuza sauti hakuna mkwaruzo, hilo lilikuwa la kwanza. Tulikuwa na spika moja ndogo ya betri ya gari, nami ndiye niliyepewa, kwa sababu besi bila umeme ni kama kupiga meza. Mpiga ngoma alitumia sanduku la mbao. Mwimbaji, ambaye sasa hakuwa na kipaza sauti, aligundua hawezi kupasua koo mbele ya watu walioketi hatua tatu tu, akaanza kuimba taratibu. Siku hizi nasikia watangazaji wakisema bendi fulani iliingia katika kipindi kipya cha utulivu. Cha kwetu kililetwa na ukosefu wa umeme.

Tulipiga kwenye arusi Nyakiyumbu, kwenye sherehe za parokia, kwenye ua wa wafanyabiashara. Wakongomani walituita roki ya Uganda. Watu wa Kasese waliosafiri kutufuata walituita rumba ya Kongo. Katekista aliyetualika kanisani alikaza kwamba ni nyimbo za dini zilizochangamka kidogo, ili Padre asiulize. Kila mmoja alikuwa na haki yake, maana alisikia kile alichokijua. Kapiteni peke yake aliendelea kusema sisi ni roki, na kila siku kabla ya kazi aligonga kijichuma gotini.

Ndipo tukaalikwa Bugoye. Mzee wa ukoo mmoja alikuwa anasimikwa, na wenyeji walitaka sisi pamoja na endara. Kwa msiosikia habari zake, endara ni mbao nene zilizolazwa juu ya magogo ya migomba, na wapigaji huketi pande mbili wakizigonga kwa vijiti. Sauti yake inatembea bondeni kuliko spika yoyote niliyowahi kuona. Walitaka tupige kwa wakati mmoja, si kwa zamu.

Kapiteni akagonga kijichuma chake, kisha akagonga ubao mmoja wa endara. Havikupatana. Akajaribu mwingine. Huo nao ulikaa katikati ya nota zake mbili, mahali ambapo kwa serikali yake hapakuwa na mtu. Akaniambia nimwambie mkuu wa endara azisawazishe mbao zake.

Mkuu yule alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti la suti na miguu mitupu. Nilimtafsiria. Akanijibu kwa Kikonzo, bila hasira, kwamba mbao hizo alizichonga baba yake, na ukipunguza kitu hakirudi. Kisha akaniuliza kama nyuzi za mgeni zinazunguka, yaani zinakazwa na kulegezwa. Nikasema ndiyo, zinazunguka. Akasema, basi.

Nikamgeukia Kapiteni kumtafsiria. Watu walikuwa wameshakaa, mzee wa ukoo yuko kwenye kiti chake, wanawake wanangoja. Nilijua kwamba tukiondoka pale bila kupiga, bendi imekwisha. Hatukuwa na klabu ya kurudia, na Shefu hakuwa na mahali pengine kabisa. Nilimwambia maneno ya mkuu wa endara kama yalivyokuwa, mpaka lile la mwisho.

Kapiteni alikishika kile kijichuma mkononi. Nilikuwa nimekifuata miaka mingi, na sikuwa nimewahi kumwona akikishika bila kukigonga. Akakitia mfukoni.

"Shefu," akasema, "sikiliza mbao. Sisi tunasikiliza wewe."

Shefu aliinama juu ya endara, sikio karibu na ubao, akamwomba mzee agonge polepole. Akazungusha nyuzi zake moja baada ya nyingine, na ule wa nne, uliotukosesha kazi, ulikuwa wa kwanza kukaa. Ulikutana na ubao wa juu kabisa mpaka hukujua kipi ni uzi na kipi ni mti. Nikamfuata Shefu. Kapiteni akanifuata mimi. Kisha tukapiga wimbo wetu mgumu kuliko yote, ule wa kwanza nilioufundishwa Kasese, na wazee wa endara wakauingia kama waliozaliwa nao. Nililia nikipiga, sioni haya kusema. Nilikuwa nimeelewa kwa nini tulitoka kwenye lile lango.

Tulifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Tulipata vikuza sauti vyetu, mkwaruzo ukarudi, tukapoteza mwimbaji, tukapata mwingine wa kike, na sauti ikabadilika tena. Kapiteni alizikwa kwao kaskazini. Shefu ana wajukuu Bwera, bado anapiga misa ya pili. Mimi nilistaafu vidole vilipoanza kukakamaa asubuhi, na sasa nafuga mbuzi, ambao mpaka leo hawajaweza kupiga besi.

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja wa Kasese, Biira, kiongozi wa bendi ya vijana. Walikuwa wanagombana. Mpiga ngoma wao anapiga kwa namna yake, na nusu ya bendi inataka aondoke kwa sababu eti hiyo si roki tena. Alitaka mimi, mkongwe, nimpe jibu. Wakati nafikiri akaliona gita langu ukutani, akaliteremsha, akaweka simu yake juu yake ipime nyuzi. Simu ikaonyesha rangi nyekundu kwa nyuzi zote nne.

"Mzee, hii besi haiko kwenye nota," akasema.

"Iko," nikamwambia. "Iko kwenye nota ya Bugoye."

Akauliza Bugoye walipiga muziki wa aina gani. Nikamwambia aitie simu mfukoni, akamlete huyo mpiga ngoma wao, tukae naye kwanza.