Jina la Nne

Makala yangu ilipochapishwa kwenye jarida la madaktari, sikumpigia mtu simu. Nilienda saiba moja ya intaneti pale Kitale nikazitoa kurasa zote sita kwa printa, nikazibana kwa pini, na Jumamosi nikampelekea mama yangu Myanga.

Mama alifundisha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi. Alikuwa na sheria moja iliyojulikana Myanga nzima: kazi isiyo na jina haisahihishwi. Hata kama umepata hesabu zote, kama hujaandika jina lako juu ya ukurasa, alikuandikia kwa wino mwekundu, "Kazi ya nani?", akakurudishia daftari lako hivyo hivyo. Mimi mwenyewe aliniandikia, mtoto wake wa pekee wa kuzaa. Nikalia mpaka nikapata kwikwi, na wala hakujali.

Basi siku hiyo alivaa miwani, akavuta kiti mlangoni palipo na mwanga, akaanza kupitisha kidole juu ya ukurasa wa kwanza. Hakuwa anasoma habari za kitabibu. Alikuwa anatafuta jina. Kidole kikapita la kwanza, la pili, la tatu, kikasimama.

"Wewe ni namba nne?"

"Ndiyo, mama."

"Kati ya wangapi?"

"Wanne."

Akavua miwani, akaniangalia vile alivyokuwa akiwaangalia watoto walioshuka nafasi darasani. "Ulikuwa mgonjwa?"

Nilicheka, bana. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikamwambia mambo ya chuo kikuu si kama mtihani wa mwisho wa muhula, kwamba huku kuna wakubwa na kuna utaratibu. Yeye hakucheka. Nikikumbuka kicheko changu cha siku hiyo natamani kujizaba kofi.

Mtaniuliza mbona humu sitaji jina la mtu hata mmoja. Majina nimeyachoka.

Wakati huo nilikuwa namaliza felosheni. Hayo ni mafunzo ambayo daktari aliyekwisha kuwa bingwa hurudi shuleni kuyasoma ili awe bingwa wa kitu kimoja tu. Changu kilikuwa watoto wachanga, hasa njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mkubwa wangu, ambaye sote tulimwita Prof, alikuwa kwenye hospitali ya kufundishia, mbali na kwetu. Utafiti niliufanyia Kitale, katika wodi ya watoto wachanga, kwa sababu huko ndiko nilikoliona tatizo kwa macho yangu.

Watoto walikuwa wakitufikia wakiwa baridi. Wanazaliwa huko juu mlimani, Kapsokwony, Cheptais, mvua inanyesha, mama anapakiwa kwenye pikipiki na mtoto amefungwa kwenye shuka lililolowa. Mtoto mdogo akishapoa hivyo, dawa zako zote ni kazi bure. Nikaanza kuzungukia zahanati za mlimani kuwaambia wauguzi jambo dogo tu: kabla pikipiki haijawashwa, mtoto aingizwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, avishwe kofia, kisha koti liwafunike wote wawili. Halafu kila mtoto aliyefika wodini nikampima joto mwenyewe na kuliandika kwenye kaunta buku moja nene yenye jalada jeusi.

Nilipanda mlima ule mara nyingi kuwatafuta akina mama waliokwisha kuruhusiwa, nione watoto wako hai au la. Siku moja tulianguka kwenye tope mimi na mwenye pikipiki, goti langu likapasuka. Yeye alikasirika kuliko mimi. "Si nilikuambia ushikilie, Daktari? Ukifa ni mimi nitaulizwa!" Kovu ninalo mpaka leo. Na watoto walianza kufika wakiwa na joto. Si wote. Lakini nilikuwa nikigusa nyayo zao pale mlangoni nazikuta zina uhai, na nikajua nimefanya kitu.

Prof alikuja Kitale mara moja. Alikunywa chai na mandazi ofisini kwa matroni, akapiga picha mbele ya wodi, akauliza choo kiko wapi, akaondoka. Jina la pili lilikuwa la mkuu wa idara. La tatu lilikuwa la mzee mwingine wa idara hiyo ambaye mpaka leo sijawahi kumwona kwa macho.

Na hakuna aliyenilazimisha. Hapo ndipo panaponiuma. Majina yale niliyapanga mimi, kwa vidole vyangu hivi, mchana kweupe, kwenye meza ya wodi. Ukiwa daktari kwetu unafundishwa kupanga mstari kabla hujafundishwa kupima mgonjwa. Prof anatangulia, mabingwa wanamfuata, sisi nyuma yao, wanafunzi mwisho wamekumbatia mafaili. Akisimama, mnasimama. Akicheka, mnacheka. Kwenye chai hugusi chupa kabla hajamimina. Kwa hiyo ilipofika zamu ya kuandika majina, mikono yangu haikuuliza swali. Jina langu juu ya jina la mtu aliyenionyesha jinsi ya kutafuta mshipa kwenye mkono mwembamba kama kijiti? Ningeanzia wapi?

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, aliyekuwa amefanya kazi ng'ambo, alinipigia simu akanigombeza. "Wewe una wazimu? Jina la kwanza ni la aliyefanya kazi. Mzee anawekwa mwisho, na huko mwisho ndiko kwenye heshima yake. Mweke mwisho atafurahi!" Mimi nikamwona ni mtu aliyepotelea uzunguni akasahau adabu. Nikamtumia Prof rasimu nikiwa nimempa nafasi ya kwanza na mimi nimejikunja huko chini. Akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Vizuri sana, Daktari. Una adabu." Nilitembea wiki nzima nimejaa furaha. Ati adabu!

Miezi michache baadaye mama akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mguu ukawa wa kuburuta, maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Jirani yetu mmoja, mjane aliyewahi kufundishwa na mama kusoma, akawa anakuja kumpikia na kumgeuza. Mimi nilikuwa nikitoka Kitale kila Jumamosi na kurudi Jumapili, na mkataba wangu pale hospitalini ulikuwa unakaribia kuisha. Nilimnunulia mama daftari la darasa la kwanza, lile la mistari mipana, na kalamu nyekundu kwa sababu nyingine aliikataa. Akaanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Ukurasa mzima wa a, a, a, zimelala kila upande.

Ndipo likatoka tangazo la kazi Bungoma. Chuo kimoja kilikuwa kinafungua masomo ya udaktari mjini hapo na kilitaka mhadhiri wa afya ya watoto. Nilisoma tangazo lile nimesimama. Ningelala kwenye chumba changu cha zamani, nimwogeshe mama asubuhi, niende kufundisha, jioni nirudi. Kutoka Bungoma mpaka Myanga si safari, ni kutoka tu. Sikuwa nimewahi kutaka kitu namna ile.

Sharti la kwanza lilikuwa hili: mwombaji awe na angalau makala moja ambayo yeye ndiye mwandishi wa kwanza. Mimi nilikuwa na makala moja tu duniani.

Nikampigia Prof. "Usijali, msichana wangu," akasema. "Tena una bahati, wameniomba nikae kwenye jopo la mahojiano. Nitawaeleza kazi ilikuwa ya nani." Nikamshukuru mpaka nikaishiwa maneno. Jumamosi hiyo nikamwambia mama, "Nakuja nyumbani." Akalia kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki.

Siku ya mahojiano nilivaa suti ya kijivu, na kwenye begi nikatia ile kaunta buku nyeusi. Sijui kwa nini niliibeba. Labda sehemu fulani yangu ilikuwa na akili. Jopo lilikuwa la watu watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Prof alikaa kulia kwake, akaniinamishia kichwa kwa upole.

Waliniuliza kuhusu ufundishaji, nikajibu. Waliniuliza kuhusu wagonjwa, nikajibu vizuri mpaka mmoja wao akaacha kuandika akawa ananisikiliza tu. Kisha mwenyekiti akafungua makala yangu. "Daktari, hapa jina lako ni la nne. Unasema utafiti huu ni wako?"

"Ni wangu. Prof anaufahamu."

Wote wakamgeukia. Akakohoa kidogo. "Ni kweli, alitusaidia sana," akasema. "Yeye ndiye aliyetukusanyia takwimu zote. Ni mtu wa bidii, na ana adabu."

Alitusaidia. 

Mwenyekiti akaniangalia, na nadhani yule mama alielewa, kwa sababu alingoja. "Una la kuongeza, Daktari?"

Begi lilikuwa magotini pangu. Ilikuwa ni kufungua zipu tu. Kila mtoto alikuwa mle ndani, kwa mwandiko wangu, na tope la Kapsokwony kwenye kurasa nyingine. Lakini kulitoa daftari lile ilikuwa ni kumwambia mtu mzima, mbele ya wenzake, kwamba anasema uongo. Nilimwona akinitazama kwa utulivu kabisa, bila wasiwasi hata chembe, kwa sababu alinijua. Yeye ndiye aliyenilea.

"Hapana," nikasema. "Namshukuru Prof."

Nilisema hivyo! Mimi, niliyewahi kumfokea mkuu wa hospitali nzima kwa ajili ya mtungi mmoja wa oksijeni. Nikafunga mdomo kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nimejaribu miaka hii kumchukia sawasawa na nashindwa, na hilo linaniudhi zaidi. Siamini kwamba alidanganya. Alikuwa amepewa kazi nyingi za watu zikiwa na jina lake juu, mpaka ameamini ni zake. Na hii nilimpa mimi. Tulipokutana nje kwenye korido alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umejieleza vizuri sana. Sasa tuandike nyingine, eh? Wewe anza tu."

Barua ya kusikitika ilikuja kwa simu, mistari mitatu. Kazi alipewa mwingine. Simlaumu, yeye aliandika jina lake. Nilipomweleza mama, alihangaika na ulimi wake muda mrefu, mate yakimtoka, mpaka likatoka neno moja. "Jina?" Nikamfuta mdomo, nikamwambia apumzike.

Mkataba wa Kitale ukaisha, na hospitali pekee iliyonitaka ilikuwa kaskazini kabisa, kwenye joto na vumbi. Nikaenda. Mtu lazima ale, na dawa za mama hazikuwa zinajinunua. Nikawa nafika Myanga mara moja kwa miezi miwili, na kila nilipofika mama alikuwa amepungua.

Jirani alinipigia Jumanne moja, saa nne asubuhi. "Daktari, mwalimu ameanguka bafuni. Anakoroma, na macho hayaoni." Nikamwelekeza kwa simu: mlaze ubavu, geuza kichwa, mdomo uwe wazi, usimpe maji. Nilisikia pumzi za mama kwenye simu, na najua pumzi za namna hiyo. Ningekuwa Bungoma, ningefika kabla chai ya jirani haijapoa. Nilikokuwa ilikuwa ni kungoja gari, kisha barabara mbovu ya siku nzima. Siku ya pili nilikuwa nimefika Kitale, nimesimama hatua chache kutoka geti la ile hospitali yangu ya zamani, simu ikalia tena. Alikuwa jirani. Alikuwa analia tu. Nikakaa chini pale pale kando ya barabara na suti yangu nzuri ya kijivu, watu wakanipita.

Tulimzika Jumamosi. Walikuja watu aliowafundisha, wengine wenye mvi, na mmoja alisema mbele ya jeneza kwamba mpaka leo hawezi kushika karatasi kabla ya kuandika jina lake. Watu wakacheka wakilia. Prof alituma rambirambi, nzuri tu, imeandikwa vizuri.

Jumatatu nilianza kupanga vitu vyake. Lile daftari la mistari mipana lilikuwa chini ya mto, kalamu nyekundu imechomekwa ndani. Nikaketi kitandani pake nikalifungua. Zile a zilikuwa zimesimama, ukurasa baada ya ukurasa, zikawa silabi, zikawa maneno: maji, uji, jirani. Alikuwa ameendelea vizuri na hakuniambia.

Katikati ya daftari nikakuta zile kurasa sita za Kitale, pini imeshaota kutu. Alikuwa amezisahihisha. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya majina yote manne, kwa wino mwekundu na mkono wa kushoto, herufi moja moja, alikuwa ameandika: "Kazi ya nani?"

Nikachomoa ile kalamu. Nikaandika jina langu juu kabisa ya ukurasa, herufi kubwa, wazi, kama alivyotufundisha. Kisha nikabaki nimeishika karatasi ile kwa mikono miwili, nimeielekeza mlangoni palipo na mwanga, kama mtoto anayengoja zamu yake ya kusahihishiwa. Kiti chake kilikuwa pale pale. Mwalimu ameshazikwa.