Baba Mkwe na Dude la Plastiki

Lile dude nililichukia tangu lilipotolewa kwenye boksi. Tumbo, mapaja na njia ya uzazi, vyote vya plastiki. Halina kichwa, halina miguu. Lililetwa kutoka ng'ambo, miaka ya tisini, litufundishe kuzalisha pale chuo chetu cha wauguzi Kisii mjini. Madam aliyetufundisha, mtu wa Nairobi, alilipangusa vumbi kila asubuhi kwa upendo ambao sisi wanafunzi hatukuwahi kuuonja.

Siku ya mtihani tukapangwa wawili wawili. Mmoja azalishe, mwenzake amulike taa na kupokea mtoto. Mimi nikapangwa na baba mkwe wangu.

Ndiyo, baba mkwe! Kijana tu, ndevu hazijajaa, ila ni kitinda mimba wa babu yake mume wangu kule Ekerenyo. Baba mkwe wangu hasa, aliyemzaa mume wangu, ni kaka yake. Akija nyumbani alisalimia akiwa nje ya mlango, na hatukuwahi kushikana mikono. Hiyo ndiyo ensoni, heshima ya wakwe, na haiulizi mtu ana miaka mingapi.

"Madam, tafadhali nibadilishie mwenzangu," nikamwambia. "Huyu ni baba yangu."

"Huyu mtoto?" Akacheka, na wanafunzi waliotoka mbali wakacheka naye. Wa kwetu Kisii walitazama sakafu. "Mbona wodini mnafanya kazi pamoja?"

"Wodini kuna pazia. Yeye hukaa upande wake."

"Hii ni plastiki, mama. Plastiki haina aibu."

"Mimi ninayo!"

"Basi kaa nayo. Ukikataa, sufuri."

Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka. Mume wangu alikuwa ameshaapa: nikianguka, hakuna kurudia mwaka, narudi kuchuma majani chai. Mwanamke yule alijua, nilikuwa nimemweleza kwa mdomo wangu. Akasimama pale anabonyeza-bonyeza kalamu.

Ndipo kijana, ambaye muda wote alikuwa ameangalia ukutani, akasema, "Madam, mimi ndiye nimekataa. Hiyo sufuri niandikie mimi." Akaweka taa mezani, akatoka bila kunitazama.

Madam akashika taa mwenyewe. Nilimtoa yule mtoto wa plastiki huku machozi yakidondokea glavu, na Mungu anisamehe, nilitamani kumpiga Madam kwa lile dude.

"Mmeona?" akawaambia wenzangu. "Ushamba ukiwekwa kando, kazi inafanyika."

Mimi nilipita. Baba mkwe alirudia mwaka mzima.

Krismasi alikuja nyumbani, akasimama nje kama kawaida, akauliza kama tumeamka vyema. Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nilitaka kutoka, nimshike mkono, nimwambie asante. Haiwezekani, hata leo haiwezekani. Nikaongeza sukari kwenye kikombe, nikamwita binti yangu ampelekee chai.