Mama yu hai, paa linatafutiwa mteja

Juma lililopita nilikuwa dukani hapa kijijini Misiera nikinunua sabuni, mtoto mgongoni, alipoingia mwanamume na dada yake. Mama yao ametoka hospitali Mbarara amepooza upande mmoja, na atahitaji kulelewa kwa muda mrefu. Kaka alitaka mwenye duka anunue mabati ya nyumba ya mama ili wamlipe mtu wa kumlea.

"Kaka, na mama atalala fasi gani?" dada aliuliza.

"Tutaweka turubai. Mimi niko na kazi mingi."

"Pesa ya mabati ikiisha utauza mlango?"

Mwenye duka, mama wa Kirundi, aliacha kukata mche wa sabuni. "Baba, zamu yako ya kumhudumia ni siku gani?"

Kaka alijikuna shingo. "Mimi ni mwanaume, mama."

"Sijakuuliza hilo. Shuka zake unaweza kufua. Alhamisi nitakuja kumwosha mimi."

Jamani, tunachosha! Mtu akifa, jua halijazama tumeshapanga nani atachota maji na nani ataleta kuni. Mtu akiwa hai na anahitaji tu kugeuzwa kitandani, tunaitana kikao kutafuta cha kuuza, mpaka paa lililo juu yake.

Juzi nilipita kwao. Mabati yapo mahali pake. Kaka alikuwa uani anaanika shuka, amenuna hata salamu yangu hakuitikia. Anune tu. Shuka zilikuwa zimetakata.