Futi ya Mama Futi

Kwenye ngazi za jengo wasilolijua, kabla ya kufika ghorofa ya tatu, mdogo mtu alisimama mara ya nne kupumzisha magoti. Dada yake, fundi cherehani aliyeitwa Mama Futi kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni, alitumia nafasi hiyo kukagua kuta.

"Rangi mpya," alinong'ona. "Kuna kitu wanaficha."

"Dada, hata ingekuwa imebanduka ungesema hivyo hivyo."

Ndivyo alivyo. Miaka ishirini na miwili ya kupima viuno imemfundisha kwamba mteja huvuta tumbo ndani kwanza, ndipo asalimie. Haamini mizani wala kioo. Anaamini daftari lake la vipimo. Humo wamo wateja wa sindano zote mbili zinazogombaniwa mtaani: ya kila wiki, inayokata hamu ya kula, anayoiandika daktari wa jengo hili, na ya vitamini, inayosifiwa kuyeyusha mafuta na kurudisha nguvu, anayoiandika daktari wa ng'ambo ya barabara. Kwa mwaka mmoja, wa sindano ya kila wiki walipungua sentimita kumi na mbili kiunoni, wa vitamini nne. Hata kiuno chake mwenyewe kilipungua tatu bila sindano, akasema ni kazi.

Mama Futi aliichagua ya vitamini: mwendo wa polepole, haina makuu. Alishamshawishi rafiki yake muuza vitambaa achomwe hiyo. Leo mdogo wake alitaka kumsikia na daktari huyu, kisha achague.

Chumbani kwa daktari, nesi alimpima mdogo mtu kiuno. "Mia na kumi na mbili."

"Mia na nane!" Mama Futi alikuja juu. "Nimempima asubuhi. Mnawanenepesha watu hapa hapa ili muwauzie kukonda?"

"Shangazi, pima mwenyewe," nesi alicheka.

Akapima. Mia na nane. Daktari, mama wa makamo, hakubishana. Alisogeza tu rula ya sentimita thelathini mezani. Mama Futi akalaza futi yake juu ya rula, akaivuta, akailegeza, akailaza tena. Rula iliishia thelathini. Hapo futi ilisoma ishirini na tisa.

Ilikuwa futi ya kitambaa. Aliinunua mwaka jana, ikashinda kwenye jasho la shingo na mvuke wa pasi, ikarefuka kidogo kidogo bila mtu kuiona, na kila kiuno kikazidi kusomeka chembamba. Akafungua daftari, akatoa nne hizo za futi kwenye kila upungufu. Wa sindano ya kila wiki walibakiwa na nane. Wa vitamini hawakubakiwa na kitu.

"Hata hizo nane," daktari alisema, "hazisemi nani alitapika, wala nani alinenepa tena alipoacha. Nitapima damu kwanza, niulize magonjwa ya ukoo wenu. Huenda nisimwandikie sindano."

Daktari wa kukataa mteja? Hilo nalo Mama Futi alilitilia shaka, lakini tayari alikuwa amesimama.

"Unakwenda wapi?" mdogo wake aliuliza.

"Kwa muuza vitambaa. Leo mchana anachomwa ya tatu, na ni mdomo wangu uliompeleka."

Aliiacha futi juu ya meza. Mlangoni akageuka. "Usisaini kitu!"

"Dada, nenda!"

Mdogo mtu alibaki kwenye kitanda cha kupimiwa, mkono wa gauni umekunjwa, akisikiliza viatu vya dada yake vikishuka ngazi mbio. Vikasimama. Labda alikuwa anaikagua rangi tena. Vikaendelea.

"Haya," alimwambia daktari, "niulize."