Maneno ya Bibi Yaliyoachwa Mkutanoni

Nikiwa mtoto wa darasa la nne, kijijini kwetu ukingoni mwa Ufipa, pale uwanda unapokatika na kulitazama bonde la Rukwa, ardhi ilianza kutetemeka. Ilitetemeka siku nyingi. Kisha asubuhi moja tukaona mvuke ukifuka kwenye nyufa za korongo tulikochota maji. Ulinuka kama mayai viza.

Bibi, mama yake baba, alisema joka la mlima limegeuka usingizini. Wazee wetu waliamini kila mlima una joka lake, na kwamba likivuta pumzi, kiumbe kilichoinamisha kichwa hakiinuki tena. Akatukataza kushuka korongoni kabla upepo haujaanza kuvuma. Sisi watoto tulitii kwa kuliogopa joka. Bibi alikuwa na sababu nyingine: alikuwa ameokota ndege wanne kule chini, wamekufa bila jeraha.

Habari zilifika mjini Sumbawanga zikiwa zimekuzwa. Redio moja ikasema mlima wetu ni volkano na karibu utalipuka. Majirani walifunga magodoro, wakapanda malori ya mahindi kwenda kwa ndugu zao Laela. Sisi tulibaki kwa kuwa mama alikuwa amejifungua wiki ileile.

Ndipo akaja mtaalamu wa miamba, pamoja na mwandishi wa habari. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mtaalamu alikuwa kijana mpole. Alimwamkia bibi shikamoo kabla ya kuketi. Alieleza mambo ya matabaka na mipasuko, na mtendaji wa kijiji akawa anatafsiri kwa Kifipa. Bibi akasimama. Alizungumza Kifipa, taratibu, juu ya joka, kisha juu ya wale ndege, na mbuzi wa jirani aliyeanguka akinywa maji. Akasema yote yalitokea alfajiri, siku ambazo jani halitikisiki. Mtendaji alikuwa na haraka, na kinasa sauti kilikuwa kimeelekezwa mdomoni mwake.

"Bibi anasema mlimani kuna joka," akatafsiri.

Wageni wakacheka kidogo. Mtaalamu akashukuru kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeketi miguuni pa bibi, lugha zote mbili nikizijua, na nilijua habari ya ndege imeachwa bila kutafsiriwa. Sikusimama. Nilikuwa na miaka kumi.

Jioni redio ikatangaza maneno ya mtaalamu. Alisema hakuna hatari ya mlima kulipuka, na kwamba nyufa bado zinachunguzwa, wananchi wasubiri maelezo. Dada yangu Felista alikuwa nje, anafua nepi za mtoto. Aliniuliza wamesemaje.

"Wamesema hakuna hatari," nikamjibu.

Kesho yake, bibi akiwa bado kitandani, Felista alichukua ndoo. Kisima cha shule kilikuwa mbali na mama alihitaji maji ya kuoga. Kulikuwa na ukungu, na upepo haukuwapo. Watu walimwona kutoka juu, amepiga magoti kando ya ndoo, paji la uso limegusa mchanga. Mwanamume wa kwanza kushuka alilegea miguu, akaburutwa kurudishwa juu. Ikabidi wasubiri upepo. Baba alishikiliwa na watu watatu pale ukingoni mpaka saa nne, akimtazama mwanawe.

Baada ya mazishi mtaalamu alirudi, safari hii bila mwandishi. Akaketi mkekani na kuomba nitafsiri mimi. Bibi akarudia yote, na mtaalamu akawa anaandika, hata bibi alipofika kwenye ndege, mtaalamu akaiweka kalamu chini. Akatueleza kwamba kuna hewa nzito itokayo ardhini, hujikusanya mabondeni pasipo upepo, na anayeinama ndani yake hakosi kuivuta. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini bibi hakumwambia mkutanoni.

Nilitafsiri swali. Bibi alinitazama mimi, si yeye.

"Mwambie niliyasema."

Siku ile liliandikwa tangazo jipya, kwa Kiswahili na Kifipa, maneno machache: asubuhi usishuke korongoni, upepo usipovuma usishuke. Bibi aliomba joka litajwe pia, maana watoto wangelikumbuka. Mtaalamu aliliandika.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi mjini Sumbawanga, na mtendaji yule simchukii. Alipunguza maneno ya bibi kwa haraka zake. Mimi nilipunguza ya redio kwa kuwa nilitaka kurudi kucheza. Hakuna kati yetu aliyesema uongo. Miaka mingi nilijipa moyo kwamba nilikuwa mtoto, na ni kweli, nilikuwa mtoto. Lakini Felista aliniuliza mimi, na aliniamini.

Mama amezeeka. Kila akimtaja huwaambia watu kwamba Felista alishuka kwa sababu jioni ile nyumbani kwetu hakuna aliyesikia redio ikisema wananchi wasubiri. Amelishika hilo, linampa nafuu kidogo. Huwa nimeketi karibu naye anaposema hivyo, na mpaka leo sijamsahihisha.